Kambale wa Wakwe na Mpira wa Lori

Tarehe msiniulize, shule niliishia darasa la pili. Ninachojua, ulikuwa mwaka ambao watu wa ziwa tulianza kula samaki wa kopo. Ndiyo, sisi. Kabla ya hapo tulikula ugali wa muhogo na mboga isiyo na chumvi, maana chumvi yenyewe dukani haikuwapo. Halafu biashara ikaachiwa huru, maduka yakajaa, malori yakaanza kushuka kutoka Mbinga mpaka mchangani kwetu. Yalishuka na sabuni, mitumba na makopo, yakapanda na samaki. Mtumbwi haujagusa mchanga, samaki keshalala kwenye barafu. Ukitaka kitoweo, nenda dukani ukamnunue mgeni wa kopo, kalala kwenye nyanya, hata kwao hakujulikani.

Mwaka huohuo wakwe wakatuma habari kwamba wanakuja kumaliza maneno ya posa ya binti yangu. Watu wa mlimani, watu wa kahawa, nyumba za bati. Nami kwa mdomo wangu huu nikamwambia mshenga, "Waambie waje na njaa. Watakula samaki wa ziwa mpaka wasahau maharage." Mdomo wangu ungekuwa kuku, ningekuwa nimeshauchinja zamani.

Siku ikafika, samaki hakuna. Asubuhi nilizunguka mitumbwi yote, lori lilikuwa limezoa hadi usipa, dagaa wetu wa kuanika. Mume wangu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na mtumbwi wake ulikuwa umeoza ukawa kiota cha kuku. Wifi yangu, dada wa marehemu, akanijia jikoni.

"Wifi, tununue makopo matatu, tumimine chunguni, tutie pilipili. Watu wa mlimani watajuaje?"

"Samaki wa kopo haingii chunguni mwangu."

"Haya. Wapikie mawe, ziwani yapo mengi."

Alikuwa na haki ya kunicheka. Lakini nilijua kitakachokuja. Wakilishwa kopo siku ile, binti yangu angeitwa mtoto wa kopo kule mlimani mpaka azeeke, kila akikosea chumvi.

Ndipo nikaukumbuka mpira. Ulikuwa mpira wa ndani wa tairi la lori, nilinunua kwa dereva ili nikate kamba za kufungia mizigo. Nikaujaza kwa pampu ya baiskeli mpaka mikono ikafa ganzi. Nikashona gunia chini yake liwe kiti. Khanga zangu nikamwachia wifi, zisije zikaninasa miguu, nikabaki na shimizi. Nikajibana ndani. Kuingia niliingia kwa kusukumwa. Kutoka hatukukufikiria.

"Wifi," akasema akiwa ameshika mbavu, "umekaa kama mtungi kwenye kata ya kichwani."

"Nisukume, acha maneno."

Wanawake kwetu hawavui kwa ndoano, kazi yao ni kuanika. Ila mimi nilikulia kwenye mtumbwi wa baba, nikimtolea maji kwa kibuyu, na nilijiona fundi. Nikapiga maji kwa viganja, nikatupa mshipi wenye minyoo karibu na miamba, nikangoja. Kaupepo kakanichukua taratibu kandokando ya ufuko. Kuogelea nilijua kama shoka linavyojua.

Mshipi ukavutwa. Mpira ukageuka, mimi nikageuka nao, tukazunguka kama jiwe la kusagia. Nikapiga kelele nikidhani mamba. Lakini nilipovuta, akatoka kambale, mnene kama paja langu, na wakati ule nilikuwa na paja la kutajwa. Chakula cha wakwe wote na majirani!

Hapo ndipo nilipofanya ujinga. Mtu wa mtumbwi akimtoa samaki majini hafikiri, anamtupa nyuma yake, mbao zinampokea. Mkono wangu ulikumbuka mtumbwi wa baba, ukamtupa. Kambale ana miba miwili kwenye mapezi ya mashavuni, migumu kama msumari. Mmoja ukaingia kwenye mpira.

Pssss.

Nikamkumbatia samaki kwa mikono yote miwili, nikamwita Bikira Maria, nikaanza kushuka. Na pale pale, nikizunguka mwamba wa mwisho, nikawaona wakwe. Wanaume watano na mabegi yao, wanaosha miguu vumbi la njia. Wa mbele ni mzee mwenyewe, baba wa kijana.

Sasa mnielewe. Kwetu mama mkwe na wakwe hawaonani ovyo. Tukikutana njiani, ninaingia porini, ninajitanda khanga, ninapiga magoti ndipo tusalimiane. Na mimi huyo hapo, shimizi imelowa, sina hata kitambaa cha kichwa, nimepakata kambale kama mtoto mchanga.

Wageni wa watu wakageuka wote kwa pamoja, wakautazama mlima. Wifi akaja mbio ufukoni na khanga zangu.

"Wifi, mwachie samaki! Unazama!"

"Simwachii!"

"Utakufa!"

"Nizikeni naye!"

Mpira ukaisha pumzi. Nikafumba macho, nikanyoosha miguu kwa mara ya mwisho. Mchanga huu hapa. Maji yenyewe yalinifika kiunoni. Nilikuwa nimezama mahali ambapo mbuzi anaoga.

Ningesimama, lakini kwa shimizi ile? Nikachuchumaa haraka mpaka maji yakafika kidevuni, mpira umenishika makalioni, kambale ananichapa mashavu kwa mkia. Wajukuu zangu saba wa Mbinga, wote wamesoma kunishinda, hapa ndipo wanapogaragara chini wakicheka.

"Shikamoo, mama," kijana mmoja akauambia mlima.

"Marahaba, baba. Karibuni."

Mzee akakohoa. Mgongo wake ukaniambia kwa upole, "Mkwe, toka majini, usijitese kwa ajili yetu. Hata chakula usihangaike. Tulisikia siku hizi huku mnapenda makopo, tumewaletea katoni nzima."

Wifi akasimama na khanga mkononi, magoti ndani ya maji, akinisihi kwa macho nitikie tu asante.

"Samaki wa kopo haingii chunguni mwangu."