Siku Nilipouhamisha Uwanja wa Mama

Kila Ijumaa asubuhi, jirani yangu wa kibanda cha pili hapa sokoni Katoro hubabua makongoro ya supu. Huyashika kwa koleo juu ya mkaa, manyoya yakaungua, na harufu ikapenya mpaka kwenye vitenge ninavyouza. Wateja hukunja pua. Mimi sikunji, maana kwangu hiyo ni harufu ya ngoma. Nikifumba macho kidogo, honi za bodaboda zinafifia, nami nina miaka minane tena, nimechuchumaa kijijini kwetu nje ya Masumbwe, natazama ngozi za ngoma zikipashwa kwa moto wa majani makavu hadi zikaze.

Kikundi chetu cha ngoma kilikuwa cha wanakijiji wenyewe, na hakuna aliyelipwa. Watu walilima na kuchunga, kisha jioni za Jumamosi walikusanyika uwanja wa shule kutufundisha sisi watoto nyimbo ambazo, walisema, zingepotea tukiiachia redio peke yake ituimbie. Kilikuwa na cheti cha usajili, na mwenyekiti wetu, Mzee Masanja, alikitunza vizuri ndani ya mfuko wa nailoni kuliko alivyotunza cheti chake cha ndoa. Mzee Masanja alikuwa na methali moja tu, na aliitumia kwa kila jambo, hata msibani: mcheza kwao hutunzwa.

Tulicheza wigashe, ngoma ya kukaa. Usishangae, ipo. Waimbaji huketi kwenye vigoda kwa mistari, wakayumba pamoja bega kwa bega, na mbele yao huketi ningi, yaani mtunzi na kiongozi wa wimbo. Ningi wetu alikuwa mwanamume, kama wote waliomtangulia, mpaka alipohamia Kahama kufanya biashara ya mpunga. Aliyezijua nyimbo zake zote, na aliyekuwa akimnong'oneza anaposahau, ni mama yangu, aliyeitikia mstari wa pili.

Wazee walibishana wiki nzima. Hatimaye Mzee Masanja alikuja kwetu, akaketi, akakohoa kwanza.

"Mama Holo, sauti unayo, hilo hatubishi. Lakini mwanamke akikaa mbele, watu watabaki kweli? Tutakupa mashindano ya mwaka huu. Uwanja ukibaki na watu, kigoda cha mbele ni chako. Uwanja ukihama, utarudi kuitikia."

"Sawa, baba," Mama alijibu, akaendelea kupepeta mchele.

Ungemwona siku ile ungedhani hajali. Lakini tangu hapo aliimba kila mahali, kisimani, shambani, hata akimkamua ng'ombe wetu, ambaye nadhani alizichoka zile nyimbo kabla yangu. Alikitaka kile kigoda kuliko kitu chochote nilichowahi kumwona akikitaka.

Mashindano kwetu hufanyika baada ya mavuno, na hayana maksi. Vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja kwenye goli lake la uwanja wa mpira. Watazamaji wako huru kutembea, na jua likiteremka wazee huangalia goli lipi lina watu wengi. Ningi akiona watu wanamtoroka, ana silaha moja: kumtaja mtu kwa jina ndani ya wimbo. Ukitajwa utarudi tu, kwa sababu uwanja mzima utakucheka mpaka urudi.

Siku ilipofika niliketi mbele kabisa, nimepakwa mafuta hadi visigino, nimevaa gauni la kitenge kilekile alichovaa Mama. Alianza na wimbo alioutunga mwenyewe, wa mjane aliyelima msimu mzima na ng'ombe mmoja. Mama alikuwa na tabia ya kuimba akiwa amefumba macho. Sauti yake ilitoka chini, bila haraka, na wanawake waliobeba watoto mgongoni wakaanza kuyumba bila kujua. Watu walijaa. Nilimwona Mzee Masanja, aliyesimama kando ya ngoma, akijizuia kutabasamu.

Ndipo Kulwa, rafiki yangu wa darasani, akaja mbio akanivuta mkono.

"Holo! Wenzetu wana chatu! Mtu anamvaa shingoni!"

Nilimtazama Mama. Macho yalikuwa yamefumba. Nikapiga hesabu zangu za kitoto: wazee wanahesabu watu, na sisi watoto siyo watu, kwa hiyo kwenda kwangu hakutapunguza kitu. Nikanyanyuka, nikakimbia.

Kumbe mtoto wa ningi haendi mahali peke yake. Nilimsikia mama mmoja akisema nyuma yangu, "Hee! Hata mwanawe amekimbia? Basi huko kuna kitu." Akachukua kanga yake akafuata. Nyuma yake wakaja wengine, kisha wengine, mpaka vumbi likatimka.

Sitakudanganya, yule chatu alikuwa mzuri. Alikuwa mnene kama paja la mtu mzima, na ngozi yake iling'aa kana kwamba imepakwa samli. Vijana walinyanyua simu zao wapige picha. Mchezaji aliinama mbele yetu watoto, nami nikanyoosha kidole nikamgusa, nikashangaa kumkuta mkavu na wa baridi. Nilisahau kila kitu. Nilipogeuka baadaye, kwenye goli letu walibaki waimbaji, wazee wachache na mtu mmoja aliyeegemea baiskeli. Mama alikuwa bado anaimba, kwa mwendo uleule.

Tulishindwa. Mzee Masanja alitangaza kwamba wenzetu wamefukia dawa golini, na kigoda akapewa kijana mmoja mwenye sauti ya kawaida. Hakuna aliyenitaja mimi. Tukirudi nyumbani Mama alinishika mkono, akaniuliza, "Chatu alikuwaje?"

Nikamweleza yote, ulimi, magamba, jinsi alivyojiviringisha.

"Na macho anayo?"

"Anayo, Mayu, ila hayafumbi." Mayu ndivyo tunavyomwita mama kwetu.

Alicheka. Nikafurahi moyoni: habari za chatu kila mtu alikuwa nazo, na kama angeniona nikiondoka asingecheka, basi hakuniona. Faraja hiyo niliishi nayo miaka mingi.

Misimu miwili Mama aliitikia mstari wa pili. Halafu yule kijana akafuata dhahabu huku Katoro, kigoda kikabaki kitupu, na Mzee Masanja akaja tena kwetu, safari hii bila masharti.

Mwaka jana, nilipokwenda kumsalimia, tuliketi tukibangua karanga. Sijui nini kilinisukuma, nikasema, "Mayu, siku ile ya chatu, mimi ndiye niliyeuhamisha uwanja wako."

Vidole vyake havikusimama. "Najua. Nilikuona. Ulinyanyua gauni lisikukwaze."

Nikaweka chini karanga niliyoishika.

"Masanja aliniinamia sikioni," akaendelea. "Akaniambia, mtaje mwanao, mtaje sasa hivi, akirudi watarudi wote."

"Na ungenitaja ningerudi. Kwa nini hukunitaja?"

Akapuliza maganda kwenye ungo kabla ya kujibu. "Ungerudi, ndiyo. Ungekaa pale mbele unalia, chatu amekujaa kichwani. Mimi ningemwimbia nani?"

Nililia, na sioni aibu kusema. Miaka yote hiyo nilijua kwamba Mama alikikosa kigoda chake kwa kuwa macho yake yalikuwa yamefumba. Kumbe aliyafumbua, akaniona nakimbia na watu wote nyuma yangu, na jina langu lilikuwa tayari mdomoni mwake. Akalimeza, akaingia ubeti uliofuata.