Gurudumu Tulilolisafisha kwa Ukwaju

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kaeni sawa. Mimi shule niliijua kwa herufi tu, nazo nilizipata ukubwani, kwa hiyo msinitafutie maneno mazuri. Nasema lililokuwa.

Wakati wa Mjerumani palikuwa na mashine ya kuchambulia pamba, njiani kati ya kwetu Chiungutwa na Masasi. Pamba yenyewe tulilimishwa kwa kiboko. Vita vya Maji Maji vilipofika, watu waliivunja mashine ile, kila nyumba ikabeba chuma chake. Mume wangu alileta gurudumu lenye meno, akitaka mhunzi amfulie jembe. Kabla hajalipeleka, askari wa Mjerumani wakarudi. Akalifukia nyuma ya ghala.

Mume wangu alikuwa Mmakua wa mbali. Alinioa akaja kukaa kwetu, ndivyo desturi ilivyotaka, na hapa hakuwa na mjomba wa kumsemea.

Vita vilipopoa, akida, aliyetutawala kwa niaba ya Mjerumani, akatangaza: vyuma vyote virudi, tena visiwe na kutu wala uchafu, fundi wa pwani anakuja kuiunda mashine upya. Atakayerudisha hataulizwa kitu. Wanaume hawakumwamini. Sisi wanawake tuliamini, maana aliyelileta neno lile uani kwetu alikuwa somo yangu, mwanamke aliyenicheza unyago, akanifunza kuoga, kupika na kuishi na mume. Somo ni mama wa pili. Akisema, unaitika.

"Wanangu, waacheni wanaume na woga wao," alisema. "Vyuma vitatoka mikononi mwetu, vitawekwa lundo moja. Nani atajua kipi cha nani?"

Jirani yangu akauliza, "Na wakisema nyumba yangu haijarudisha?"

"Kila mmoja afunge kwenye chuma chake uzi wa shanga zake za kiunoni. Mwanamume wa nje hazijui. Ukisingiziwa, nitasimama mimi niseme huyu amerudisha."

Shanga zile karibu zote alizitunga yeye, siku za kututoa mwali. Tukaona ni busara.

Basi tukafukua. Gurudumu letu lilikuwa na kutu nene kama gome, na katikati ya meno mafuta meusi yamegandana na nyuzi za pamba. Uchafu ule tuliukwangua kwa vijiti vya mianzi, tukaosha kwa maji ya moto yenye majivu. Kisha tukalaza vyuma kwenye vyungu vya ukwaju. Asubuhi kutu inalainika, unaisugua kwa mchanga, halafu kwa majani ya msasa, jino moja moja. Ukishasuuza, papo hapo kausha motoni upake mafuta ya ufuta, maana chuma kikikaa kibichi kinashika kutu upya. Na maji hayo ni ya kunywa, tuliyapandisha kichwani kutoka bondeni.

Tulicheka pia, sitaki kudanganya.

"Shoga, mumeo ungemsugua hivyo angekimbilia Newala!"

"Wangu hana hata kutu ya kusugua, ameshatoboka!"

Somo alipita akikagua. "Pembeni hapo! Unamwachia nani uchafu huo? Nilikufunza hivyo mimi?" Nami nikarudia, kwa aibu, mpaka gurudumu likang'aa.

Siku ya kupeleka, hata wanaume woga uliwapungua, wakatusaidia kubeba mpaka uwanjani kwa akida. Tukaweka lundo moja, kila chuma na uzi wake wa shanga, kama tulivyopatana. Fundi akasifu kazi. Kisha akida akainua chuma cha kwanza, akamgeukia somo yangu.

"Shanga hizi za nani?"

Akajibu. Akataja nyumba. Hakupigwa, hakutishwa, alijibu kama mtu anayeonyesha kuku wake. Kikainuliwa kingine, akataja. Askari walikuwa wameshazunguka uwanja. Lilipofika gurudumu letu alisema, "La mwanangu yule pale. Mumewe ni Mmakua."

Wakamtia mume wangu mnyororo shingoni pamoja na wengine. Aliniambia, "Mama watoto, usilie mbele yao." Walipelekwa pwani kubeba mizigo. Wangu hakurudi.

Haukupita muda, mtoto wa kiume wa somo yangu, aliyekuwa amefungwa bomani, akaonekana kijijini anatembea huru. Hapo tukaelewa. Nikamwendea.

"Shikamoo, somo."

"Marahaba, mwanangu."

"Kwa nini?"

"Ungekuwa na mtoto mnyororoni usingeniuliza."

"Ninao watoto. Baba yao ndiye uliyemtia mnyororoni."

Akaendelea kuchambua mboga zake. Mashine nayo ilikuja kuzunguka tena, na pamba tukalimishwa tena.

Miaka ikapita, binti yangu akavunja ungo. Kwetu aliyemcheza mama ana haki ya kumcheza na mtoto. Somo akaja, amejifunga khanga safi, mkongojo mkononi, akasimama uani.

"Nimekuja kumchukua mwali wangu."

Wenzangu wakanivuta pembeni. "Amezeeka, msamehe. Ukimkatalia somo utaleta laana nyumbani."

Niliwasikiliza mpaka mwisho. Nikafikiri: huyu atamfunza nini binti yangu? Kunyamaza anapoambiwa? Kuamini?

Nikaingia ndani, nikawaambia watu wa nyumba yangu wote, wakubwa kwa wadogo: "Mwamkieni kwa adabu. Mpeni uji, mpeni na maji ya kunawa. Mwali asitoke chumbani mpaka bibi huyo apite kilima, na kesho mumpeleke kijiji cha Makote, akachezwe na mtu mwingine."