Vijisanduku kwenye Ramani ya Nyumba Yetu

Mimi huchora ramani za nyumba hapa Kasuku, na kompyuta yangu ina programu mpya ambayo wateja wanaisifu. Mimi naivumilia tu. Nikifungua humo ramani ya nyumba ambayo mume wangu alituchorea wakati wa vita, kuta zinaonekana, milango inaonekana, lakini maneno yote yanageuka vijisanduku vitupu. Herufi alizotumia zilikuja na programu ya zamani, na hii mpya haizijui.

Ramani hiyo ndiyo iliyotugombanisha. Mama yangu alikuwa amekimbia mapigano kule Pangi, nami nilitaka akae nasi siku tutakapojenga. Mume wangu akakataa.

"Mutu halale paa moya na mukwe wake," aliniambia. "Njo desturi ya kwetu. Unataka watu wanicheke?"

"Kama mama yangu hana fasi, hata miye sina."

Kesho yake asubuhi aliwasha jenereta, akakaa mbele ya kompyuta, diski ya ramani ndani. Nilibaki jikoni nimenuna, nikisema moyoni kwamba anaharibu petroli. Kisha akapanda baiskeli kwenda Lubutu kutafuta chumvi. Sikutoka kumuaga. Hakurudi, na hakuna aliyeniletea hata habari ya kaburi.

Wiki hiyohiyo kompyuta iliporwa. Nilibaki na diski mbili, moja ya ramani na moja ya programu, nimezifunga katika kitenge ndani ya sanduku la nguo. Nilibaki pia na swali: je, aliondoka akiwa amenikasirikia? Nimelala nalo, nimeamka nalo. Mama naye alifariki katika chumba cha kupanga, na sasa jioni zangu nazungumza na mashine, ambayo haijui kusema pole.

Mwezi uliopita niliamua kuirudisha programu ya zamani. Fundi wa kompyuta, jirani yangu, akatikisa kichwa.

"Mama, fahali wawili hawakai zizi moja. Futa kwanza ile mupya."

Nikamwambia zizi ni langu. Nikaiwekea ile ya zamani folda yake, mbali na mpya, ili zisikanyagane.

Ikaomba namba za kuifungulia, ambazo mume wangu alikuwa ameziandika juu ya diski kwa mkono wake. Niliingiza mara nne, ikakataa mara nne. Nikaitukana, nikamtukana na yeye, nikalia. Ndipo nikakumbuka kwamba yeye alisoma kwa mapadri wa Kizungu, akaandika namba kama wao: saba yake ilikuwa na mkanda tumboni. Zile nilizosoma saba hazikuwa na mkanda: zilikuwa namba moja, zenye mkia mrefu. Nilikuwa nimeusahau mwandiko wa mume wangu, na hilo liliniuma kuliko vijisanduku.

Programu ikakubali. Ramani ikafunguka na maneno yake: sebule, jiko, chumba yetu. Nyuma, ng'ambo ya ua, kulikuwa na kijumba chenye mlango wa peke yake, ambacho miaka yote nilidhani ni banda la kuku. Ndani yake, asubuhi ile ya petroli, alikuwa ameandika:

"Mama mukwe. Paa yake."

Niliinuka, nikatoka hadi barabarani ambako pikipiki zilikuwa zinapita, nikamuaga mume wangu.