Jiwe Lisilotaka Maji

Siku fundi alipomwona mara ya kwanza, mwanamke yule aliingia karakana amekumbatia sufuria yenye mfuniko kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Fundi alidhani ni chakula cha mkuu wa karakana, akasogeza spana zake ampishe mezani. Mwanamke akafunua. Ndani, juu ya kitambaa kikavu, palikuwa na jiwe la ukubwa wa ngumi, jeusi kama mkaa.

“Hili limetoka juu,” akasema.

Fundi, ambaye maneno yalimtoka kwa shida kama nati yenye kutu, akatazama dari.

“Juu zaidi, mdogo wangu,” akacheka mwanamke. “Ni kimondo.”

Jengo zima lilimwita Shangazi, hata waliomzidi umri. Jina lilimpata darasani. Alilea kwanza wadogo zake, akaenda kusomea mawe alipokuwa mtu mzima, katikati ya vijana ambao wangeweza kuwa watoto wa kaka yake. Mtihani wa hadubini ulimwangusha mara mbili. “Mara ya tatu,” alipenda kusema, “msimamizi alinivutia kiti mwenyewe. Tulishazoeana.” Tangu hapo kazi yake ilikuwa kulitafutia kila jiwe kundi lake, na miaka yote aliletewa mawe ya barabara na ya saruji. Sasa amebakiza miezi michache astaafu, ndipo kimondo kinamjia. Aliapa hataondoka kabla hakijapata kundi.

Aliyekiokota jangwani alikuwa dereva wa lori, naye siku hiyo alisimama mlangoni akipindapinda kofia.

“Ila nililipaka mafuta kidogo, Shangazi. Ling'ae.”

“Mafuta gani?”

“Ya kupikia.”

“Baba wee! Ulikuwa unalipeleka harusini?”

Alicheka, lakini uso ulimbadilika. Kimondo cha namna ile kina kaboni yake, ya zamani kuliko dunia, na ndiyo mojawapo ya vitu vinavyomwonyesha mpimaji ni cha kundi gani. Mafuta nayo yana kaboni. Kama yalikuwa yamepenya hadi ndani, wapimaji wangekuwa wanapima jiko la dereva.

Ilibidi wakifikie kiini. Mkuu wa karakana akaonyesha msumeno wa umeme, ule unaopozwa kwa maji. “Si mnakata tu? Jiwe ni jiwe.”

Shangazi akabandua punje pembeni mwa jiwe, akaidondosha kwenye glasi ya maji. Punje ikalegea, ikawa tope.

“Hilo ni jiwe, mkuu? Nikishalilowesha, maji yakimwagika hayazoleki.”

“Basi kalikate kwa meno.”

“Ikibidi.”

Alimwomba fundi fremu ya mbao. Wakafunga waya mwembamba uliopakwa vumbi la almasi, wakaketi huku na huku, wakaanza kuvuta. Waya ukipata moto, wanasubiri upoe. Ulikatika, wakafunga mwingine. Nao ukakatika. Kila asubuhi mkuu alichungulia.

“Bado mnapiga zeze?”

“Mcheza kwao hutunzwa,” Shangazi alimjibu bila kuinua macho. “Wewe lete tuzo.”

Viganja vyake vilitoka malengelenge. Fundi alitaka kumwambia apumzike. Badala yake akavua glavu zake, akaziweka mbele ya Shangazi. Shangazi akazivaa, akashika upande wake wa waya, wakaendelea.

Jiwe lilipofunguka, ilitoka harufu kama ya lami mbichi. Shangazi alilinusa akiwa amefumba macho. Kisha akaandaa kipande chembamba, akakiweka chini ya hadubini, akamvuta fundi kwa mkono wa shati.

“Unaona nini?”

Fundi akainamia hadubini. “Kama ufuta… uliomwagika kwenye masizi.”

“Ehee! Kumbe una ulimi! Hizo punje za duara ndizo ninazozitafuta.”

Lakini macho pekee hayakutosha. Alituma kipande cha kiini kwenye maabara kubwa, pamoja na jina la kundi alilodhani ni lake, akasubiri. Kila barua iliyofika ilimfanya asimame, kisha aketi tena.

Jibu lilifika katika juma lake la mwisho kazini. Mafuta hayakufika kwenye kiini. Kundi alilolipendekeza lilikubaliwa. Shangazi alisoma, akasoma tena, kisha akampigia dereva simu: “Bwana harusi wako kapata ukoo!”

Siku ya kuondoka aliliweka jiwe lililobaki kwenye kabati kavu la karakana, akamkabidhi fundi ufunguo. Nje wingu lilikuwa limetanda. Fundi alikuwa amejiandaa tangu alfajiri kumwambia kwamba hakuwahi kuifurahia kazi yake kama wakati ule. Akafungua kinywa. Ikatoka “Safari njema” tu.

Shangazi akaitoa mfukoni ile jozi ya glavu, imetoboka vidole, akamwekea mkononi. Akafika mlangoni, akageuka.

“Funga kabati vizuri, mdogo wangu. Mvua inakuja, na mgeni wetu hapendi maji.”