Jezi ya Siku Moja

Kaka yangu Merle Kessinger alirudi kutoka vitani akiwa na vidole vitatu kwenye mkono wa kushoto. Viwili vilibaki Ubelgiji, vililiwa na baridi. Kabla ya hapo alikuwa nyota wa mpira wa kikapu wa chuo chetu kidogo cha Harlan Creek, na hapa Indiana hilo si jambo dogo. Mchungaji wetu alikuwa akiyaombea magoti ya Merle kanisani, kwa sauti, kabla hajawaombea wagonjwa.

Sasa alitaka kurudi timuni, na shida ilikuwa Kocha Stuckey. Kocha alikuwa na dini yake: mpira hurushwa kwa mikono miwili, kutoka kifuani. Arushaye kwa mkono mmoja ni mtu wa sarakasi. Merle akirusha kwa mikono miwili, ule wa kushoto ulimsaliti na mpira ukaenda upogo. Lakini nyumbani, kwenye pete ya goli aliyoipigilia Baba ukutani mwa zizi, alijifunza kurusha kwa mkono wa kulia peke yake. Mimi ndiye niliyemwokotea mipira kwenye theluji, nami nawaambia, ilikuwa ikiingia!

Januari ile, vita vimekwisha, wapinzani wetu Brantford walikuja kucheza kwetu. Kocha akamrushia Merle jezi yake ya zamani, namba tisa.

"Ni ya leo tu," akamwambia. "Ukicheza vizuri, tutaongea. Ukiniharibia, unairudisha, nampa mwingine. Na mikono miwili, umenisikia?"

"Nimesikia, Kocha."

Nilitamani kumtwanga Kocha kwa mwavuli. Mtu ameacha vidole vyake vitani, wewe unampa siku moja!

Ukumbi ulifurika hadi watu wakakaa madirishani. Ni ukumbi wa zamani, wenye jiko la makaa pembeni, na karibu na jiko hilo, kushoto kwa goli, palikuwa na ubao mfu sakafuni. Mpira ukidunda pale haurudi, unalala kama gunia la viazi. Vijana wetu waliukwepa kwa mazoea. Brantford, ambao ubao huo uliwaaibisha miaka nenda rudi, waliukwepa kwa woga.

Merle alirusha kwa mikono miwili, ukagonga chuma. Akarudia, chuma. Mara ya tatu mpira haukugusa kitu kabisa.

"Huyu angebaki tu jeshini," jamaa mmoja akasema nyuma yangu.

Nikageuka. "Na wewe ungebaki nyumbani, wewe na mdomo wako!"

Baba alikuwa kando yangu akitafuna bisi. Baba ni seremala, na maneno yake ni machache kuliko misumari yake.

Basi, ikafika dakika ya mwisho, Brantford wanaongoza kwa pointi moja. Merle akaupata mpira, lakini jitu lao moja refu likamsukuma pembeni, karibu na jiko. Nyuma yake mstari. Mbele yake ubao mfu.

"Mungu wangu, kwisha!" nikasema. "Ubao ule!"

Baba akameza bisi. "Nimeutengeneza."

"Nini?"

"Leo asubuhi. Nilihofia Merle atapoteza mpira pale. Nimeweka mwaloni mpya."

"Baba! Mbona hukumwambia mtu?"

"Nani aliniuliza?"

Sikuwa na muda wa kugombana naye. Mimi nina utepe wa bluu wa ushindi, wa mashindano ya kuita nguruwe kwenye maonyesho ya wilaya. Siku niliyoupata, walikuja hata nguruwe wa majirani. Nikapanda juu ya benchi, nikaivuta pumzi mpaka mbavu zikauma.

"Meeeerle! Dunda juu ya ubao! Baba kautengeneza!"

Ukumbi mzima ulisikia. Jitu la Brantford nalo lilisikia, likacheka. Hila ya kitoto hiyo, nani aiamini? Likainama, mikono tayari, likisubiri mpira ulale liuokote.

Merle aliamini. Akaudunda katikati ya ubao, ukaruka juu, mzima kabisa, ukarudi mkononi mwake! Jitu bado limeinama, linaokota hewa. Merle akajinyoosha, akauinua mpira kwa mkono wa kulia peke yake.

"Mikono mi—" Kocha akapiga kelele.

Mpira ukapita nyavuni bila kugusa chuma, na filimbi ya mwisho ikalia. Jamani! Nilimkumbatia Baba, bisi zikamwagika zote, nikamkumbatia hata yule jamaa wa nyuma.

Watu walipopungua, nikamwona Merle anamwendea Kocha na jezi imekunjwa vizuri, kama walivyomfundisha jeshini.

"Hii hapa, Kocha. Nilitumia mkono mmoja, najua."

Kocha aliutazama ule mkono wa kushoto. Nadhani ndiyo mara ya kwanza aliutazama kweli. Kisha akaisukuma jezi kifuani mwa kaka yangu.

"Unanipa mimi ya nini? Inanuka jasho. Kaifue, Jumanne tunacheza."

Merle akaniletea mimi. Niliifua jezi ile mpaka msimu ulipokwisha, na sikulalamika hata siku moja, muulizeni Baba. Ila muulizeni kweli, maana mwenyewe hatasema.