Jasusi Aliyevua Viatu Mlangoni

Raia wote mnatangaziwa, kwa taadhima inayostahili, kwamba jasusi hatari kuliko wote waliowahi kutiwa mbaroni katika mji wetu wa Horní Brázda, Chekoslovakia, alikuwa mchochea makaa wa boila ya jengo letu, Zbyněk Vokurka. Alikamatwa Jumapili, baada ya taarifa ya habari, mbele ya taifa zima. Kesho yake akaenda kazini kama kawaida, maana tulihitaji maji ya moto.

Alikamatwa kwenye televisheni, ndani ya ile tamthilia ya polisi ambayo ikianza hata walevi walirudi nyumbani. Mwaka 1976 watu wa kamera walikuja kwetu kutafuta wa kuigiza jasusi wa kutoka Magharibi: mwembamba, mwenye meno mazuri. Tulikuwa na mmoja tu, na meno yenyewe alikuwa ametoka kuwekewa na serikali.

Vokurka alikubali kwa ajili ya mkewe, Květa. Kifua chake kilikuwa kibovu, na daktari alisema dawa zimegonga mwamba, labda hewa ya bahari. Nchi yetu haina bahari. Yugoslavia wanayo, lakini kwenda huko kulitaka kibali, na kibali kilitaka kamati ya mtaa iseme kwamba wewe ni mtu wa kuaminika. Vokurka akaona hakuna wa kuaminika kumshinda mtu aliyewasaidia polisi, japo kwa kukubali kukamatwa nao.

Kazi ilikuwa nyepesi: jasusi aingie kwa mshirika wake, anyakue ramani ya kiwanda, aruke dirishani. Mwongozaji akampa ishara. Vokurka akafungua mlango, akavua viatu, akavipanga ukutani, akavaa ndala za wageni, ndipo akanyakua ramani. Ndivyo tunavyoingia nyumba za watu. Hata anayekuja kukuua, kwetu, atauliza kwanza ndala ziko wapi.

Mwongozaji alijishika kichwa. Mkanda wa filamu waligawiwa kwa kipimo, wa kurudia haukuwepo. Basi mwandishi wa tamthilia akakaa kwenye ngazi na bia yake, akambadilisha jasusi. Si mgeni wa kutoka Magharibi tena, ni mwenzetu aliyeuza nchi na sasa anakimbilia mpaka. Inspekta akapewa maneno ya kusema huku akivitazama vile viatu: mtu wa Magharibi havui viatu namna hii, huyu ni wa kwetu. Nchi nzima ikastaajabia akili za inspekta. Naye Vokurka akakimbia msituni kuelekea waya wa mpaka wa Magharibi akiwa na ndala, mpaka mbwa wakamwangusha.

Wiki moja baada ya kipindi kuonyeshwa, mume na mke walikwenda kwa mwenyekiti wa kamati, Drahomíra Houšková, muuza nyama. Wakavua viatu, wakapewa ndala, kahawa na keki ya jibini.

“Uliigiza vizuri mno, ndugu Vokurka. Mume wangu alikutukana mpaka sauti ikakauka.”

“Asante, ndugu mwenyekiti. Sasa kile kibali.”

“Hapo ndipo pagumu. Watu wote wamekuona ukikimbilia mpaka. Mimi niseme utarudi?”

“Ilikuwa televisheni.”

“Najua, sina wazimu. Lakini walio juu yangu nao wana televisheni, na wao sijui wanajua nini. Ungebaki jasusi wa Magharibi, ningekupitisha leo hii. Nani alikutuma uvue viatu?”

“Mimi,” Květa akasema. “Miaka yote namwambia asiniletee masizi ndani.” Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na Houšková akamwongezea keki.

Kila mwaka Vokurka aliomba tena, na kila mwaka, kabla tu ya likizo, televisheni ilirudia kipindi kile, kwa sababu watu walikipenda. Akiingia baa, wanywaji walinyoosha mikono juu kama wanaokamatwa. Květa alikufa Februari moja, ardhi imeganda, wachimba kaburi wakalazimika kuazima sururu chumba cha boila.

Kisha serikali ikaanguka na waya wa mpaka ukakatwa. Houšková, aliyebadilika kabla ya bendera, akaacha nyama na kufungua biashara ya mabasi ya kupeleka watu baharini. Akaja kwa Vokurka na mtu wa gazeti. Wakavua viatu mlangoni. Mtu wa gazeti akapewa ndala za mwenye nyumba. Houšková akapewa za Květa, zikamkaa sawasawa.

Alisimama katikati ya sebule, akasema kwamba, kwa jina la uhuru, bwana Vokurka, raia wa kwanza wa mji huu kuukimbilia mpaka mbele ya taifa zima, anazawadiwa kiti cha dirishani, bure, mpaka baharini.

“Sema neno, bwana Vokurka. Gazeti linasikiliza.”

Vokurka alizitazama zile ndala za Květa.

“Mimi sijui kuogelea,” akasema.