Nilimkuta Tata Ukutani, Kamba Imeshikwa na Baba Mkwe

Admin, naomba unifichie jina, na mtakaonitambua kwa haya ninayoandika msinitaje kwenye komenti. Mimi ni mama wa miaka thelathini na nane, nimeolewa Kitendaguro hapa Bukoba, nina watoto wawili. Kwetu ni Izimbya.

Tata, yaani baba yangu, alikuwa mchunga ng'ombe wa watu huko Muleba, akirudi nyumbani kila mwisho wa mwezi. Nikiwa darasa la pili aliondoka, hakurudi tena. Baadaye zikaja habari kwamba ameonekana kisiwani Bumbire, anavua samaki na ana mwanamke mwingine. Kaka yake mama alivuka mara mbili kumtafuta, akarudi peke yake. Shuleni wakatuita watoto wa Bumbire. Wanaume walikuja kumtaka mama, akawajibu wote jibu moja: "Nilifunga ndoa kanisani, na mume wangu yuko hai." Mimi nilimchukia tata. Hata jina lake nilikataa kumpa mwanangu.

Mwezi uliopita mume wangu alitupeleka Muleba kwenye makumbusho ya wafugaji. Ni nyumba ya mzee mmoja aliyekusanya vitu vya wachungaji wa zamani: fimbo, vibuyu vya maziwa, vyuma vya kuchomea ng'ombe alama. Chumba kimoja kina kofia pana na tandiko la farasi la wachunga ng'ombe wa Marekani, vitu alivyoletewa na rafiki yake. Tulikwenda na baba mkwe, maana huko ndiko alikoishi ujana wake. Alivaa ile kofia, tukacheka sana, mume wangu akampiga picha.

Binti yangu wa miaka tisa alikuwa ametangulia chumba cha picha. Akaniita, "Mama, mbona mjomba amefungwa kamba?"

Kaka yangu na tata wamefanana mno. Nilisogea. Alikuwa tata, amekaa chini, uso umevimba, mikono iko nyuma. Chini wameandika: "Sungusungu wakiwa na mwizi wa ng'ombe." Nyuma yake wamesimama wanaume sita, na mmoja wao, kijana aliyeshika mwisho wa kamba, ni baba mkwe wangu. Nilipogeuka nilimkuta mlangoni, kofia bado iko kichwani.

"Baba, huyu ni nani?"

"Twende nje, mwanangu."

Tulikaa kwenye benchi. Aliongea taratibu akitazama viatu vyake. Ng'ombe wawili walipotea, wakamshuku tata kwa kuwa alikuwa zamu. Walimpiga tangu asubuhi, mchana akafa. Wakamzika karibu na bwawa la kunyweshea ng'ombe, wakakubaliana waseme amekwenda Bumbire.

Nikamuuliza, "Na ng'ombe?"

"Walionekana siku ya tatu. Walikuwa wamezama kwenye tope."

Nikamuuliza alijua lini kwamba mimi ni binti wa yule mtu. Akasema, "Siku tulipokuja kwenu kuposa. Mjomba wako alipotaja jina la baba yako, nikajua."

Huyu ndiye mzee aliyenilea kama binti yake. Nilipojifungua kwa upasuaji alinipikia uji wiki nzima kwa mikono yake. Sasa sijui kama alinipenda au alikuwa anatubu kimyakimya.

Mume wangu nilipomsimulia alilia sana, lakini anataka ninyamaze. "Baba ana presha," ananiambia. "Subiri afe kwanza." Baba mkwe mwenyewe hajaniomba kunyamaza. Amesema yuko tayari kutuonyesha kaburi, na kwamba wenzake wote watano wameshakufa. Akitangulia na yeye, hakuna mwingine anayejua mahali.

Jumapili nilikwenda Izimbya. Mama amezeeka, macho hayaoni vizuri. Tukiwa tunamenya ndizi akaniambia, "Baba yenu akirudi nimeshakufa, msimfukuze. Siku yake ikifika mzikeni hapa kibanjani, kwenye migomba yetu, karibu na mimi."

Nikaitikia, "Ndiyo, mama." Nikaendelea kumenya.

Ndugu zangu, mnipe mawazo, mimi peke yangu nimeshindwa. Nimwambie mama kwamba mumewe hakumkimbia, aliuawa, na aliyeshika kamba ndiye babu wa wajukuu zake? Au nimwache aendelee kumsubiri mpaka naye afe?